Maili Arobaini za Baharini

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka, sawa na maili 40 za baharini. Miaka yangu ya mwanzo ya urubani iliishia humo, nikienda na kurudi na Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Abiria wakishafunga mikanda, swali halikukosekana: "Kapteni, dakika ngapi?" Nikawa najibu ishirini. Wengi waliridhika, ila hesabu yake niliipiga upya kila asubuhi.

Umbali haubadiliki, hali ya hewa ndiyo hubadilika. Caravan hukata noti 160 hivi, na hewa ikitulia, maili 40 ni robo saa. Kusi likisukuma kwa noti 20, unaokoa karibu dakika mbili kwenda, na kurudi unazilipa.

Lakini kubwa ni kutua. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini kwenda kusini, na ndege hutua ikiukabili upepo. Msimu wa kaskazi ni raha: unavuka Kunduchi, unakiona Kisiwa cha Mbudya, kisha Chumbe na mnara wake wa taa kushoto, unaingia moja kwa moja. Msimu wa kusi, uwanja unauona kabisa, unaupita, unakwenda hadi mji umekwisha, ndipo unageuka kurudi. Dakika ulizopewa na upepo njiani unazirudisha hapo, na nyingine juu yake.

Siku moja ya kusi kali, kiti cha mbele kando yangu alikaa mzee wa Kiunguja, nahodha wa majahazi zamani zake. Tulipoupita uwanja akanigusa bega.

"Mwanangu, uwanja si ule tumeuacha?"

"Ndio wenyewe, mzee. Kusi hili, lazima tulikabili."

Akainama dirishani, akatazama mawimbi yalivyopasuka meupe mkondoni. "Haya, zunguka. Hata sisi hatukuwa tukiingia bandarini huku tunasukumwa." Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa ameshika tasbihi kwa mikono miwili: "Tulia, bibi. Anajua."

Sifa ile niliithamini kuliko cheti chochote.

Saa za rubani huhesabiwa tangu ndege inapoanza kujongea ili iruke hadi inaposimama mwisho wa safari, na leseni ya juu kabisa ya ndege za abiria hudai saa 1,500. Wenzangu waliopangiwa Mwanza, maili 460 hivi kutoka Dar, walizijaza upesi. Safari yao moja ilikuwa asubuhi yangu nzima. Wakinionea huruma, nikikataa kuonewa. Wao walikaa angani, mimi nilitua: masika, njia imelowa, upepo wa ubavuni unaoitikisa ndege hadi gurudumu la mwisho liguse lami. Naamini hadi leo kwamba rubani kijana afundishwe kwanza na safari fupi.

Nilipohamishiwa ndege kubwa ya Mwanza, kapteni aliyenipima aliniachia kutua siku ile ile ya kwanza, alasiri, upepo ukivuma kutoka ziwani. Tulipofika maegesho akaniuliza nimefunzwa wapi kutua. Nikamwambia Unguja.