Hodi ya Saa Nane

Mlinzi wa usiku hakuwa na haja ya kurudia hodi. Mlango wa nyumba yetu, kwenye kota za hospitali, ulikuwa umepigiliwa bati, na yeye aliugonga kwa kitako cha tochi. "Hodi, Daktari. Unaitwa wodi ya watoto." Kisha akapenyeza kikaratasi chini ya mlango na kurudi nyuma hatua kadhaa, maana aliona haya kumkuta mke wa mtu na kanga ya kulalia. Nesi alikuwa ameandika maneno machache tu: "Mwaka mmoja na nusu. Degedege. HB 3." Nilikisoma kwa mwanga wa kibatari huku mguu ukitafuta kandambili.

Hiyo ni 1998, hospitali ya wilaya mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza utarajali. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, na binti yetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kulea, hakuipenda kabisa hodi ile. "Mwanangu," aliniambia asubuhi moja, "mke wa mtu haitwi usiku na mwanamume mwingine, hata awe na tochi ya serikali." Nilicheka, yeye hakucheka. Haukupita mwezi akawa ndiye anayeamka kabla yangu na kunipokea mtoto.

Wiki ilikuwa na ratiba yake, imeandikwa kwa chaki. Jumatatu raundi kubwa, Jumatano wajawazito, Jumanne na Alhamisi upasuaji wa kupanga: ngiri na mabusha. Hapo wazee walipata taabu nami. Mmoja alinitazama nikinawa mikono mpaka viwikoni, akauliza kwa adabu zote, "Sasa binti, daktari mwenyewe anafika saa ngapi?" Nikamwambia, "Shikamoo babu, ameshafika." Akafumba macho. Mpaka anaruhusiwa hakunitazama usoni, ila mwaka uliofuata alimleta mdogo wake.

Ratiba hiyo ilikuwa ya kiangazi. Masika yakianza, chaki haikuwa na kazi. Wodi ya watoto ilijaa, watoto wawili au watatu kitanda kimoja, mama zao wamekaa kwenye mikeka chini. Malaria. Dawa ya kwanza ilikuwa bado klorokwini, nayo ilikuwa imeshachoka. Mtoto anapewa nyumbani, homa inashuka siku mbili, inarudi na nguvu mpya. Wengine walianzia kwa mganga, kwa kuwa degedege haikuhesabiwa ugonjwa wa hospitali. Wakifika kwetu viganja vimeshakuwa vyeupe kama unga. Kwinini ilikwenda kwa dripu, kila baada ya saa 8, na nesi mmoja alizunguka wodi nzima akihesabu matone kwa saa yake ya mkononi.

Lakini hasa kilichonitoa kitandani ni upungufu wa damu, ile HB ya kwenye kikaratasi. Mtoto wa kilo 10 alihitaji kama mililita 200, haizidi kikombe cha chai. Jokofu la maabara mara nyingi lilikuwa tupu, kwa hiyo damu ilikuwa ya baba, au ya mjomba aliyefika kwa baiskeli. Anapimwa, kundi likilingana anatolewa palepale, na chupa inatundikwa juu ya mtoto ikiwa bado na joto la mtu. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitazama pua. Kwanza zinaacha kupanuka kila anapovuta pumzi. Baada ya muda mtoto anakojoa. Halafu analia, anataka titi; na mama, ambaye usiku kucha hakutamka neno, naye anaanza kulia. Wengine hatukuwahi. Kuna nyuso nazikumbuka kuliko za ndugu zangu.

Mwaka 2003 nilinunua simu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye kona nyuma ya maabara, tukasimama pale kama watu wanaosubiri basi. Minara ilipoongezeka, mlinzi akapumzika. Nesi alibipu kwa simu yake mwenyewe: mara moja ni njoo ukipata nafasi, mara mbili ni njoo, mara tatu ni kimbia. Sitaisema vibaya simu ile. Kabla yake, mwenye zamu hakuweza kwenda mbali kuliko mlinzi anavyoweza kutembea. Sasa niliweza kufika sokoni Jumamosi, na kwenye harusi nikakaa mpaka pilau ikapakuliwa.

Malaria nayo ilikuwa inapungua, pole pole, hata hatukutambua. Klorokwini iliachwa 2001, ikaja dawa ya SP, nayo haikudumu. Kuanzia 2004 wajawazito walipewa hati punguzo wakanunua vyandarua kwa bei nafuu. Mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, na baadaye kile kipimo cha kutoboa kidole ambacho hata zahanati isiyo na hadubini inakiweza. Masika ya 2009 nilipita wodini usiku nikaona kitanda kitupu. Moyo ukanidunda. Nikamuuliza nesi mtoto amefariki saa ngapi. Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. "Hajafa mtu, Daktari. Kitanda hakina mgonjwa."

Nikarudishiwa usiku wangu. Jumapili tukaanza kwenda shambani, kwenye michungwa ya mume wangu, yeye anapalilia na mimi najifanya napalilia. Ila binti yangu alikuwa ameshafika darasa la tano, na alikuwa amejifunza kulala bila mimi.

Wiki ya sasa siifananishi na ile. Jumatano uwanja unajaa watu wa presha na kisukari, wengi wa rika langu, nami nawaambia wapunguze chumvi na sukari huku nikijua chai inayonisubiri ofisini. Chaki imekwenda, tunaandika kwenye kompyuta, na mfumo ukikata tunarudi kwenye karatasi. Hodi ndiyo imehamia mfukoni. Watu wananitumia picha za vipele, za majibu ya maabara, za mtoto anayeharisha. Namba yangu nimeigawa mwenyewe, kanisani, msibani, kwenye foleni ya benki. Ni uungwana, na uungwana huo una gharama.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia Jumapili, simu ilikuwa sebuleni inachaji. Nilipoamka nikakuta video iliyotumwa saa nane usiku: mtoto wa miezi minane, mbavu zinabonyea kila anapohema. "Shikamoo Daktari, tumpe dawa gani?" Saa tisa: "Daktari upo?" Saa kumi na nusu, alama ya kuuliza, peke yake. Nilipiga simu, mikono ikitetemeka. Walimfikisha saa moja na nusu. Nimonia. Alilala siku tano, mbili kati yake akiwa kwenye oksijeni, akapona. Mama yake, mtu mwema kabisa, aliniambia, "Niliona nikusubiri wewe." Kutoka kwao mpaka hospitali ni dakika ishirini kwa bodaboda. Na usiku ule daktari kijana wa zamu alikuwa macho, wodi imetulia.

Mlinzi alipogonga bati, mgonjwa alikuwa ameshafika hospitali. Aliyebaki nyumbani ni daktari peke yake. Simu inapolia, mara nyingi sote wawili tuko nyumbani.

Basi wewe uliyehifadhi namba ya daktari: mtoto akihema kwa shida, akishikwa na degedege, au akishindwa kunyonya, mbebe kwanza. Ujumbe mtautuma mkiwa juu ya bodaboda.