Tafakari ya Juma: Rangi Haishiki Juu ya Uchafu



Wapendwa wanaparokia, juma hili tunawaalika kutafakari pamoja nasi amri ya saba ya Mungu, ile inayotukataza kuiba. Wengi wetu tunapofanya uchunguzi wa dhamiri huipita amri hii upesi, kwa kuwa hatujavunja nyumba ya mtu wala kutia mkono katika mfuko wa jirani. Lakini Kanisa halimhoji mwizi peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, inafundisha katika namba 2412 kwamba wajibu wa kurudisha mali iliyoibwa unamhusu pia aliyeshiriki wizi kwa namna yoyote, na hata aliyefaidika nao huku akijua. Mafundisho hayo yalitufikia mlangoni kwetu hivi karibuni, tena kwa njia ya kitu kidogo sana: kifuniko cha kioo cha pembeni cha gari.

Gari la parokia ni Toyota nyeupe ya miaka mingi. Limebeba wagonjwa, wanakwaya na magunia ya mahindi ya mavuno. Siku moja, tukiwa katika foleni ya Dar es Salaam, pikipiki ilipenya kati yetu na daladala, ikakwaruza kifuniko cha kioo cha kushoto, ikaenda zake. Kioo chenyewe kilisalimika, ila kifuniko, ambacho mafundi hukiita kava, kilibaki na mikwaruzo mirefu, na rangi yake ikaanza kubanduka.

Kijana mmoja mwenye uzoefu wa vipuri alipoona hali hiyo alituhurumia. "Baba Paroko, msihangaike," akasema. "Nipeni oda tu. Kesho asubuhi mtapata saiti mira nzima, rangi hiyohiyo, kwa bei ya kutupa."

Tukamuuliza kama anayo dukani. Akajibu kwa heshima kwamba hana, ila hadi asubuhi itakuwa imepatikana.

"Mwanetu," tukamwambia, "kioo ambacho leo hakipo na kesho kipo, usiku huu kipo kwenye gari la nani?"

Aliinamisha macho, asijibu.

Kila anayeishi katika jiji hili anajua kwa nini watu huchora namba za gari kwenye vioo na taa zao. Miezi michache kabla ya hapo, muumini wetu mmoja, dereva wa teksi, alitoka Misa ya kwanza akakuta vioo vyote viwili vimeng'olewa. Gari si lake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye gari, apate abiria asipate. Alikaa siku kadhaa bila kazi, na nyumbani kwake watoto walikula kwa kukopa. Aliyenunua vioo vile pengine ni mtu mwema, anayesali na kutoa sadaka, ambaye alifurahi kupata kitu cha bei rahisi na hakupenda kuuliza zaidi. Wahenga walisema: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Aliyeibiwa leo hununua cha wizi kesho ili apone hasara yake, na hivyo hasara huhama kutoka nyumba hadi nyumba bila kwisha.

Tuliikataa oda ile, lakini kijana hatukumfukuza. Tulimwomba aje Jumamosi atusaidie kukitengeneza kile tulichonacho. Alikuja. Aliwahi kujifunza kazi katika gereji, na vidole vyake vilijua mahali pa kila klipu. Hatukumuuliza zaidi.

Tuliacha gari lipate jua kwanza, kwa sababu plastiki yenye ubaridi huvunjika upesi. Kisha tulikisukuma kioo upande mmoja ili upande wa pili uinuke, tukapitisha nyuma yake kipande bapa cha plastiki kilichofungwa kitambaa. Bisibisi ya chuma huvunja klipu na kupasua kioo. Kioo kilipotoka tulichomoa nyaya zake taratibu. Vishikio vya kifuniko vikaonekana, tukavibonyeza kimoja kimoja hadi kikaachia.

Tuliosha kwa maji na sabuni, tukapangusa kwa spiriti ili kuondoa mafuta yasiyoonekana kwa macho, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Ndipo ikaja kazi ndefu ya msasa. Wazee wetu walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na jina hilo likahamia kwenye karatasi ya dukani. Tulisugua kwa maji, tukianza na namba 400 na kuendelea na namba 800, hadi ukucha ukipita juu ya mkwaruzo usikwame. Pale plastiki ilipobaki tupu tulipuliza praima ya plastiki, tukangoja ikauke, tukasugua tena.

Rangi yenyewe ilikuja mwisho. Hatukuikadiria kwa macho, kwani weupe uko wa namna nyingi. Tulisoma kibati cha gari, na mbele ya herufi C/TR palikuwa na namba 040, ambayo kwa Toyota ni aina moja ya nyeupe. Tulijifunika pua na mdomo, tukapuliza kutoka umbali wa shubiri moja hivi, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, tukingoja kila mara. Rangi nene ya mkupuo mmoja huchuruzika. Tulimaliza kwa klia ya kulinda, tukakiacha kifuniko ndani hadi siku iliyofuata kabla ya kukirudisha. Mpita njia angesema tumeshinda tukipaka rangi, kumbe sehemu kubwa ya siku tulikuwa tukiondoa.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawakemea wanaojenga ukuta dhaifu na kuupaka chokaa ili uonekane imara. Mvua ikija, ukuta unaanguka na chokaa yake. Hapo ndipo penye hatari yetu katika Sakramenti ya Kitubio. Twatamani ondoleo, na ondoleo ni zawadi ya kweli ya Mungu, lakini mara nyingine twalitaka liwe chokaa: lifunike, wala lisiguse kilicho chini. Katekisimu, namba 1459, inatukumbusha kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imesababisha. Mwenye kuungama hana budi kufanya awezalo kutengeneza alichoharibu, na kurudisha mali iliyoibwa ni mfano mmojawapo unaotajwa hapo. Hayo ndiyo malipizi.

Zakayo alilielewa jambo hili bila kufundishwa. Mwinjili Luka anasimulia katika sura ya 19 kwamba Yesu alipoingia nyumbani mwake, mtoza ushuru yule hakutoa hotuba ya majuto. Alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Neema ilitangulia kuingia kwake, na mikono yake ikaifuata.

Jumamosi ile, tulipokuwa tukingoja praima ikauke, kijana yule alituuliza swali ambalo ameturuhusu kuwashirikisha, kwa kuwa anaamini si lake peke yake. "Baba, mtu akitaka kurudisha, na hamjui mwenye mali, anafanyaje?"

Hatukumuuliza ni mtu gani. Tulimjibu kadiri ya mapokeo ya Kanisa, nasi tunawajibu ninyi vilevile. Mwenye mali akijulikana, arudishiwe yeye, au warithi wake. Ukiogopa kujifichua, padre muungamishi aweza kukusaidia kutafuta njia ya kurudisha bila jina lako kujulikana, naye amefungwa na siri ya maungamo. Baada ya kutafuta kwa uaminifu, mwenye mali asipopatikana, thamani yake wapewe maskini. Usiyeweza kulipa yote kwa mkupuo, lipa kidogo kidogo; tabaka jembamba linaloshika ni bora kuliko ahadi nene inayochuruzika.

Na sisi tusiowahi kung'oa kioo cha mtu, tuna sehemu yetu. Kabla ya kununua kipuri au simu iliyotumika, tuulize imetoka wapi, tudai risiti, na bei isiyoelezeka tuione kuwa onyo. Chakavu kinachotengenezeka tukitengeneze, hata kama kitabaki na alama. Mwizi huingia kazini usiku kwa sababu asubuhi yupo mtu anayemsubiri na fedha mkononi. Tuombe neema ya kutokuwa mtu huyo.

Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako katika nyumba ya Yosefu seremala, utujalie moyo wa toba na mikono iliyo tayari kurudisha. Amina.