Shahada ya Rangi na Taa za Ziwa Mweru

Sayansi ya rangi, yaani elimu inayochunguza jinsi mwanga, kitu kinachomulikwa na jicho la mtazamaji vinavyoshirikiana kuzaa kile tunachokiita rangi, ina makao yake yenyewe katika vyuo vichache tu duniani. Mjini Rochester, Marekani, Maabara ya Sayansi ya Rangi ya Munsell, iliyoanzishwa mwaka 1983, hulea wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Na barani Ulaya vyuo vikuu vya Gjøvik, Joensuu, Granada na Saint-Étienne vimeendesha kwa pamoja shahada ya uzamili inayomhamisha mwanafunzi kutoka nchi moja hadi nyingine. Huko rangi huandikwa kwa namba: katika mfumo wa CIELAB wa mwaka 1976, namba ya kwanza hueleza kiasi cha weupe, ya pili wekundu dhidi ya ukijani, na ya tatu umanjano dhidi ya ubuluu.

Kijana wa Chienge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, anayeitamani elimu hiyo kwa kawaida huanzia kwenye fizikia au kemia, Lusaka au Kitwe, mbali na ziwa, na barua yake ya maombi huishia kuzungumzia skrini na rangi za viwandani, mambo ambayo waombaji wengine wote wameyaandika. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa maswali makubwa yako ufukoni kwao. Dagaa wa Mweru, wanaoitwa chisense, huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, kisha huanikwa juani, na mnunuzi wa Nchelenge huwakagua kwa macho, akijua kwamba umanjano juu ya samaki mkavu huashiria mafuta yaliyochacha. Ujuzi huo ni upimaji wa rangi kamili, ila haujaandikiwa namba.

Taa zenyewe zinastahili tasnifu. Mwanga wa mafuta ya taa umeelemea manjano na wekundu, ilhali taa nyeupe za LED hutoa mwanga mwingi wa buluu, karibu na nanomita 450, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na maji huchuja kila urefu wa wimbi kwa kiasi chake. Ni mwanga upi unaomfikia chisense, jicho lake linauonaje, na betri ya mvuvi ingedumu kwa muda gani zaidi iwapo taa ingetoa mwanga huo peke yake?