Matembezi yetu ya asubuhi, toka Goma mpaka Bruxelles

Wengi wenu mnatufahamu. Sisi ndio wale tuliokuwa tunapita Himbi saa kumi na moja asubuhi, kikwembe kimefungwa kiunoni, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, mpaka tunaliona ziwa Kivu. Mbele ya saa moja tumekwisha kurudi nyumbani, tunawasha makala, tunaamsha watoto waende masomo. Tulisema tu tunaenda kunyoosha mwili. Hatukujua kama ile ndiyo ilikuwa dawa yetu.

Tulijua hilo tulipoikosa. Huku Bruxelles, katika mwezi wa 12, jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na linazama mbele ya saa kumi na moja jioni. Watu wanaishi mmoja juu ya mwingine katika nyumba za gorofa. Ukiimba alfajiri, utaamsha jengo zima. Basi tukaacha. Kila mmoja akabaki kwake na sababu zake: baridi, kazi ya usafi inayoanza usiku, mtoto mwenye kukohoa. Magoti yakaanza kuuma, usingizi ukapotea, nguo zikatubana.

Tulikuwa tunakutana Matonge, mtaa ulio karibu na Porte de Namur, uliopata jina lake kwa Matonge ya Kinshasa. Wanauza sombe, makayabu na mikate ya muhogo. Siku moja, tukiwa katika duka kila mmoja anahesabu maumivu yake, mama mmoja akauliza: «Kwani kule Goma tulikuwa tunangojea jua litoke?» Tukacheka. Kweli, tulikuwa tunatoka nyumbani giza bado liko. Giza halikuwa sababu.

Tukaanza tena, lakini tulibadilisha mambo. Tulichagua siku ya posho, saa nne asubuhi. Tunatoka Matonge, tunashuka mpaka kwenye mabwawa ya Ixelles, penye bata wengi, tunapita bustani za Abbaye de la Cambre, kisha tunaingia msitu wa Bois de la Cambre. Katika msitu kuna ziwa dogo lenye kisiwa katikati. Si Kivu hata kidogo, unalizunguka kwa muda mfupi. Lakini tukilifikia tunasimama, tunavuta pumzi. Barabarani tunaongea kwa sauti ya chini; msituni tunaimba.

Siku zingine za juma, wale wanaoishi karibu wanatembea wawili wawili kwa nusu saa, ao wanashuka katika tramu kituo kimoja mbele ya kwao. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima atembee kwa haraka dakika 150 hivi kila juma. Nusu saa mara tano, hesabu imetimia, na hakuna pesa ya kulipa.

Jambo moja tungepaswa kulichunga tangu mwanzo, nasi tulilisahau. Goma, mama asipotoka, kundi zima lilikuwa linapita kwenye mlango wake na kumuita. Huku tulizoea kumwandikia kwa simu. Mwenzetu mmoja alizaa katika mwezi wa 11. Siku mbili za posho hakuja. Alijibu kwa simu: «Niko salama.» Tukaamini, tukaendelea na njia yetu.

Posho ya tatu tuligeuza njia, tukapiga kengele ya kwake. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mtoto alikuwa msafi na ameshiba. Lakini mama yake hakuwa ameoga siku nyingi, hakuwa anakula, alikuwa analia bila kujua sababu. Mmoja wetu akabeba mtoto, mwingine akasonga bukari, mwingine akamwogesha kwa maji ya moto. Siku iliyofuata ya kwanza ya juma tukamsindikiza kwa daktari. Daktari akaeleza kwamba ni ugonjwa unaowapata wamama wengi kiisha kuzaa, si uvivu wala si laana, na unatibiwa. Ilichukua miezi. Majani yalipoanza kuota tena katika miti, alikuwa anatembea pamoja nasi, anasukuma kigari cha mtoto.

Tunawaandikia haya bila kujisifu. Zile posho mbili zingali zinatuuma.

Basi, mama ambaye binti yako yuko mbali, tunakuomba: usimuulize tu kama amekula na kama ametuma pesa. Umuulize: «Unatembea na nani?» Akijibu «na mtu hata mmoja», umtafutie dada wa mji ule, hata kama si wa kabila lenu. Umwambie pia amuulize daktari juu ya vitamini D. Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua jingi ili kuitengeneza, na jua la huku wakati wa baridi halitoshi.

Na ninyi mlio Goma, mnapopita Himbi kesho asubuhi, mpaze sauti kwa ajili yetu. Na mlango usiofunguliwa, msiupite.