Maji Ukiyavulia Nguo: Kumchagua Mwalimu wa Kuogelea

Wahenga walinena kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii mhadhiri mmoja wa Kiswahili, katika chuo kikuu kimoja cha Bonde la Ufa, alikuwa ameifundisha kwa miaka 22. Aliwaeleza wanafunzi wake maana yake ya nje na ya ndani, akawatajia na methali zenziye: maji usiyoyafika hujui wingi wake, mfa maji haachi kutapatapa, maji yakimwagika hayazoleki. Aliweza kuzungumza kwa saa nzima kuhusu lugha iliyozaliwa pwani na jinsi ilivyosheheni bahari: tanga na mlingoti, kusi na kaskazi, maji kujaa na maji kupwa. Walioandika kuoga mahali pa kuogelea aliwasahihisha kwa wino mwekundu. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuingia katika maji yaliyompita magoti tangu alipokuwa mtoto wa miaka 11.

Sababu hakumweleza mtu. Alizaliwa Budalang'i, karibu na mahali ambapo mto Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na ambapo mafuriko ni jambo la kila mara. Jioni moja alitumwa mtoni kuteka maji pamoja na mdogo wake wa miaka 8. Mdogo wake aliteleza ukingoni. Kilichomganda moyoni mhadhiri huyu tangu siku hiyo ni kimya. Mtoto hakupiga ukemi. Kichwa kiliibuka mara mbili, kinywa wazi, macho yakiangalia juu, kisha maji yakajifunga juu yake kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Kwa miaka zaidi ya 30 kaka mtu aliamini kwamba mdogo wake hakuita kwa kuwa hakumtarajia kumwokoa.

Basi likizo ya Agosti ilipokaribia na binti yake wa miaka 9 akaomba kufunzwa kuogelea, jibu lake la kwanza lilikuwa la. Mkewe alimuuliza swali moja tu: "Baba watoto, ukimkataza bwawa, utamkataza na mvua?" Usiku ule hakupata usingizi. Alikumbuka feri ya Mtongwe iliyozama mnamo tarehe 29 Aprili 1994 na kuangamiza watu 272. Alikumbuka MV Bukoba mwaka wa 1996, na MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwaka wa 2018. Alikumbuka aliyowahi kuyasoma, kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka wa 2021, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Kuogelea si kinga ya kila ajali, hilo alilijua. Lakini mtoto asiyejua kuogelea hakingwi na maji kwa kukatazwa kuyaona. Alfajiri ilipopambazuka, swali lilikuwa limebadilika. Hakujiuliza tena kama mtoto afundishwe, bali ni nani atakayekabidhiwa pumzi zake.

Bwawa la kwanza alilolitembelea lilikuwa na tangazo kubwa langoni. Mwalimu wake alikuwa na nishani shingoni kwenye picha, na nishani nyingine ukutani ofisini. Alimhakikishia mhadhiri kwamba baada ya wiki mbili binti yake angekuwa Jason Dunford wa kesho. Ni kweli kwamba Dunford aliiletea Kenya fahari alipoingia fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo katika Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, na alipotwaa dhahabu ya mita 50 mtindo uo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi mwaka wa 2010. Lakini nishani hupima kasi ya mwogeleaji. Haipimi subira ya mwalimu. Mhadhiri aliomba kutazama somo moja. Watoto wapatao 20 walikuwa majini. Mwalimu aliketi chini ya mwavuli, filimbi mdomoni na simu mkononi, na kila alipoinua macho alipuliza filimbi kisha akayarejesha kwenye simu. Mhadhiri alipouliza kuhusu cheti cha huduma ya kwanza, alionyeshwa nishani tena. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akaaga.

Katika bwawa la pili alimkuta kijana mchangamfu, mwenye bei nafuu na falsafa fupi. "Mzee, mimi nilitupwa kina kirefu na kaka zangu, nikaibuka. Hofu hutolewa siku moja." Hoja hiyo si ngeni, wako wengi waliofunzwa hivyo na wanaojivunia. Papo hapo mhadhiri alimkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyeshiriki Olimpiki ya Sydney mwaka wa 2000 ilhali alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla. Alimaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na katika mita za mwisho ilionekana wazi kwamba nguvu zilikuwa zimemwishia. Ulimwengu ulimshangilia kwa ujasiri wake, na alistahili. Lakini yeye aliibuka. Watu wanaosimulia kwamba walitupwa wakajua kuogelea ni wale walioibuka, waliozama hawasimulii. Mhadhiri alimshukuru kijana yule, akaondoka akihisi baridi licha ya jua la saa saba.

Mwalimu wa tatu hakuwa na tangazo. Alielekezwa kwake na muuguzi mmoja ambaye watoto wake watatu walikuwa wamefunzwa naye. Alikuwa mama wa makamo, amesimama majini hadi kifuani katika bwawa la hoteli ndogo pembezoni mwa mji, watoto wanne wamemzunguka. Mhadhiri alipomsalimu kutoka ukingoni, alijibu salamu bila kugeuza kichwa. "Karibu, Mwalimu. Subiri nimalize. Nikiwa na watoto majini siongei na mtu mzima." Alijuaje kwamba mgeni ni mwalimu? Baadaye alicheka na kusema kwamba ni chaki kwenye mkono wa koti.

Somo lilipokwisha, mhadhiri alitoa orodha ya maswali aliyoiandika, lakini mama yule alitangulia kuuliza. Je, mtoto ana pumu? Ana kifafa? Masikio yake yamewahi kuuma? Amewahi kuogopeshwa na maji, au kuna mtu nyumbani anayeyaogopa? Mhadhiri aliyajibu yote ila la mwisho. Mama yule hakulirudia. Alileta vyeti vyake, cha kufundisha, cha uokoaji na cha huduma ya kwanza, akaonyesha tarehe ya kila kimoja, kwa kuwa ujuzi wa kumrejeshea mtu pumzi husahaulika usiporudiwa. Alimwonyesha fito ndefu na boya la kutupia, vyote vikiwa wazi mahali ambapo hata mtoto angevifikia. Alimwonyesha alama za kina ukingoni. Kisha akamwambia atazame sakafu ya bwawa. "Ukiona vizuri kichujio kule chini kabisa, maji ni salama kuingia. Maji yakiwa na ukungu, hata yawe yamejaa dawa, mtu akizama hutamwona. Siku hiyo sifundishi." Mwisho akatamka sharti lake: wanafunzi wanaoanza hawazidi wanne kwa somo moja, na mzazi ana ruhusa ya kuketi na kutazama wakati wowote. Mwalimu anayewafukuza wazazi ukingoni, alisema, na aulizwe anaficha nini.

Binti alianza Jumatatu iliyofuata, na siku ya kwanza hakuogelea hata kidogo. Alifunzwa kupuliza. Aliweka kinywa majini na kutoa viputo, kisha kinywa na pua, kisha uso mzima, akihesabiwa kwa sauti ya upole. Anayeanza, mama yule alieleza, huzuia pumzi kwa hofu. Akiinua uso hulazimika kutoa na kuvuta pumzi kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo humeza maji. Kwa hiyo pumzi huja kwanza, miguu na mikono baadaye. Siku ya pili walijifunza kuelea chali. Mapafu yaliyojaa hewa huufanya mwili wa watu wengi kuwa mwepesi kidogo kuliko maji, lakini anayeinua kichwa ili aone anakokwenda huishusha miguu yake, na mwili mzima huifuata. "Maji humbeba anayelala," alimwambia mtoto, mkono wake mmoja ukiwa chini ya kisogo na mwingine chini ya mgongo. Siku ya nne mikono ile iliondoka, na mtoto hakujua kwamba ilikuwa imeondoka.

Mhadhiri aliyatazama hayo yote kutoka kitini. Jambo moja lilimsumbua. Mama yule, hata akicheka, hata akisifu, hakuondoa macho juu ya vile vichwa vinne. Siku hiyo ya nne alimuuliza: "Mwalimu, mbona huwaamini watoto hawa hata kwa dakika moja? Si watapiga kelele wakilemewa?"

Mama yule alikauka nywele taratibu kabla ya kujibu. "Hapana, Mwalimu. Anayepiga kelele na kupunga mkono bado ana pumzi; huyo yuko taabani lakini anaweza kusubiri kidogo. Anayezama hasa hapigi kelele. Kinywa chake hufika juu ya maji kwa kitambo kifupi mno, kinachotosha kutoa pumzi na kuvuta nyingine tu. Hakuna nafasi ya neno. Mikono nayo hukandamiza maji pande zote mbili, haiwezi kupunga. Husimama wima, kichwa nyuma, kinywa wazi. Kati ya sekunde 20 na 60 huwa amekwenda. Haiti si kwa sababu hataki. Haiti kwa sababu hawezi."

Mhadhiri hakusema kitu. Ilimbidi aketi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka 11, alisimulia: ukingo wa Nzoia, mtungi, kichwa kilichoibuka mara mbili, na kile kimya. Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Hakumpa pole za haraka. Alimuuliza tu kama siku ile alijua kuogelea. Alipojibu kwamba hakujua, mama yule akasema kwamba angalijitosa, mama yao angalizika watoto wawili. Kwamba hata leo asiyefunzwa uokoaji hatakiwi kuruka, bali anyoshe fito au tawi, atupe kamba au chochote kinachoelea, na aite msaada. Kisha akaongeza, kama anayetaja jambo dogo: "Kesho uje na kaptura ya kuogelea."

Muhula ulipofunguliwa, mhadhiri alirejea katika darasa lake la ushairi. Kwa miaka 22 alikuwa amewapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa namna moja. Siku ya kwanza aliwatupia mizani na vina, ukwapi na utao, takhmisa na ukaraguni, vyote katika mhadhara mmoja, akiamini kwamba wenye nguvu wataibuka. Walioibuka walimsifu, na sifa zao alizichukua kuwa ushahidi. Wale waliokaa viti vya nyuma bila kuuliza swali aliwaita wazembe. Sasa alisimama mbele ya nyuso zile zile na hakuweza kuanza. Aliangalia nyuma ya darasa. Aliona vichwa vilivyotulia, vinywa vilivyofunguka kidogo, macho yaliyoangalia juu ya ubao badala ya kuuangalia ubao. Aliweka chaki chini. Aliwaomba wafunge vitabu, kila mmoja amwambie mwenzake wimbo wa kwanza aliowahi kuusikia nyumbani, na wahesabu pamoja, kwa vidole, silabi za mstari mmoja. Vina vingesubiri wiki ya pili.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa akikitafuta katika yale mabwawa matatu. Vyeti ni muhimu, na mzazi asione haya kuviuliza. Idadi ya wanafunzi ni muhimu, na fito, na boya, na maji maangavu. Lakini juu ya hayo yote, mwalimu mwema hufahamika kwa jinsi anavyokitazama kimya cha mwanafunzi wake. Yupo anayekiona kimya hicho akadhani ni utulivu, na yupo anayekiona akadhani ni uvivu. Mwema ni yule anayekiona akasogea karibu.

Jumamosi moja mwezi wa Septemba, mhadhiri alisimama majini hadi kifuani. Mapigo ya moyo wake aliyasikia masikioni. Mama yule alikuwa kushoto kwake, mkono wake umetangulia chini ya maji, unasubiri. Binti yake alikuwa kulia, akielea chali bila shida, na ndiye aliyesema.

"Baba, usiinue kichwa."

Akalala.