Mtoto mwenye usonji ni wa darasa letu



Ndugu msomaji, huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtoto akichelewa kusema maneno huanza mapema: laana ya ukoo, mila iliyorukwa, kosa la mama. Ukweli ni kwamba usonji ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo. Hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya.

Katika mwaka wangu wa uchungaji nilifundisha dini kwenye shule moja ya msingi juu ya Moshi. Darasa la pili alikuwamo mvulana mwenye usonji. Kengele ya shule ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mtini. Ikigongwa, alijiziba masikio na kukimbilia kwenye mibuni. Baadhi ya wazazi walitaka aondolewe, wakisema anawachelewesha wenzake. Mama yake alisimama kikaoni akauliza, "Siku ya soko nimwache na nani? Mtanifanya nimfungie ndani."

Mwalimu wa darasa aliomba muhula mmoja. Alimkalisha mbele, karibu na ukuta. Alimchorea ratiba ya siku kwa picha kwenye kipande cha boksi, akampa maagizo mafupi, moja moja. Mwanafunzi mwenzake alipewa kazi ya kumwonyesha picha ya kengele kabla haijagongwa. Muhula ulipoisha, mvua kubwa juu ya bati bado ilimliza, lakini kengele haikumkimbiza tena. Akabaki shuleni.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kusoma shule ya kawaida. Hata hivyo, mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa anahitaji msaada na mafunzo, kama yale yanayotolewa katika Chuo cha Patandi, Arusha. Wapo pia watoto wanaohitaji kitengo maalumu.

Sisi waamini tunayo sehemu yetu. Bartimayo alipopaza sauti, umati ulimkemea anyamaze. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Mafrateri wenzangu, mtoto akipiga kelele wakati wa Misa, tusimwangalie mama yake kwa jicho la kumtoa nje. Nanyi wanajumuiya, muulizeni mama huyo anahitaji nini. Pengine ni mtu wa kukaa na mwanawe siku ya soko tu.