Kwenda Dunda kwa Miguu

"Unamwendea nani?" bibi aliniuliza. Alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Mtu wa Dunda, bibi. Aliandika kitabu."

"Yupo?"

"Alifariki Berlin, mwaka 1927."

"Ehee. Sasa unamwendea nani, mke mwenzangu?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa nimekuja Kaole na sura ya tatu ya tasnifu yangu kwenye mkoba, imerudishwa na msimamizi ikiwa nyekundu tupu. Mahali nilipoeleza kiosha miguu, ile ada inayotolewa bwana harusi anapooshwa miguu, nilikuwa nimemtaja bibi. Pembeni msimamizi ameandika neno moja: "Chanzo?" Nilipomfuata ofisini aliniambia nitafute kilichochapishwa.

Kilichochapishwa kipo. *Desturi za Wasuaheli*, Göttingen, 1903. Sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Lakini kitabu kilitoka kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Jina la Mtoro lilikuja kukaa kwenye nafasi ya mwandishi mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Mimi nilisoma hiyo ya Kiingereza, na maelezo nikayaandika kwa Kiingereza. Ndoa, jando, matanga, mambo niliyokulia ndani yake, nikawa nayarudisha kwenye Kiswahili kwa kamusi. Niliona haya. Ndiyo maana nikataka kwenda Dunda, nikakanyage tu.

Nilitoka kabla jua halijawa kali. Nikapita kwenye magofu, penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo zilizowahi kupachikwa mabakuli ya Kichina. Utotoni tulikuwa tukicheza karibu na hapo mpaka mlinzi atufukuze. Mbele kidogo ni mikoko, na bahari unaisikia kabla hujaiona. Halafu ni njia ya mchanga, minazi, mihogo, mikorosho, na bodaboda wanaodhani mtu akitembea basi amekosa nauli. "Dada, panda tu, utanipa kesho!" Nilipofika usawa wa chuo cha sanaa ngoma zilikuwa zimeshaanza, na kisigino cha kulia kimeshachubuka.

Dunda ya Mtoro ilikuwa kijiji nyuma ya mji. Leo jina hilo ni la kata ya mji wa Bagamoyo, kuna maduka ya vocha na mafundi cherehani. Sikuona kibao chochote chenye jina lake. Nilimkuta mzee mmoja barazani, nikamwamkia, nikamuuliza kama anamjua Mtoro bin Mwinyi Bakari.

"Mwinyi Bakari wako wengi. Huyo wa nani?"

Nikakaa, nikamsimulia. Kwamba mwaka 1904 alimuoa Bertha Hilske, Mjerumani. Kwamba mwaka 1905 walipanda meli kuja huku, na walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni haikukubali yule mke mzungu wa mtu mweusi ashuke. Mtoro hakumwacha. Wakarudi pamoja Ujerumani, na huko akafia. Mtu aliyeandika jinsi mgeni anavyopokelewa na maiti anavyozikwa kwao, yeye mwenyewe hakupokelewa wala hakuzikwa kwao.

Mzee alinyamaza, anachezea tasbihi.

"Meli ilipofika, kwao walikuwa na habari?" aliuliza. "Kuna mtu aliyekuwa anamsubiri pwani?"

Nilikuwa na kurasa arobaini za maelezo kwenye mkoba, na hakuna hata mstari mmoja uliouliza hivyo. Mzee akaniagizia kahawa. Tukainywa, tukazungumza bei ya samaki, nikaaga.

Kurudi nilipanda bodaboda.

Bibi alikuwa bado uani, sasa anachambua mchele. "Umemkuta?"

"Sikumkuta."

"Si nilikwambia."

Nikavua kiatu, nikatoa ile sura ya tatu na kalamu. Pale palipoandikwa "Chanzo?" nilikuwa nimeshaweka Mtoro, 1903. Juu yake pakabaki neno lile nililoliandika mwanzo: "bibi". Velten angalau alikuwa na jina. Mimi nilikuwa nimemwandika bibi yangu kama vile hana.

"Bibi, niambie jina lako lote. Nataka kuliandika humu."

Akacheka. "La nini? Unanishtaki?" Lakini akalitaja, na la baba yake, na la babu yake, polepole, akingoja kalamu inifikie. Nilipodhani tumemaliza akanishika mkono.

"Hayo ya kiosha miguu mimi sikuyatunga. Nilifundishwa na somo yangu. Muandike na yeye." Akaweka ungo chini, akafumba macho akilitafuta jina la tatu la somo yake.